Udongo wa Njano

Masumbwe,
9 Machi.

Ndugu yangu Eliya,

Nakusalimu sana, wewe na mama watoto, na watoto ambao nasikia sasa wanakuzidi kimo. Poleni na baridi ya Mbeya. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na mvua ya mwaka huu imetupa mahindi ambayo hata mvivu atavuna. Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu mtu akizidiwa na aibu hukata, halafu husingizia mtandao, nami ninajijua. Barua utaletewa na Mageni, kijana wa hapa anayefanya kazi kwenye karasha za kusaga mawe kule Katoro. Anakwenda Tunduma kumwona dada yake, nimemwomba ashuke kwako.

Umeniuliza mara tatu kwa nini baba yako hapokei simu. Simu yake haina chaji, na hapa kijijini hakuna duka linalokubali kumchajia. Nitakueleza sababu, ila uniruhusu nifuate mambo kama nilivyoyaona yalipokuwa yakitokea. Nikianzia mwisho hutasoma mwanzo.

Uliponipa nyumba yako Juni mwaka jana nilikuja na ndoo tatu za rangi za mabango na kichwa kilichochoka. Kiangazi kikanipokea vizuri. Akina mama walikuwa wameanika michembe juu ya majabali, na mimi nikakaa siku nzima nikitazama viazi vikibadilika kutoka weupe kwenda kahawia, kila saa na rangi yake. Jioni ile nikajiambia kwamba rangi za kopo zimenidanganya miaka yote. Nikaanza kuchora kwa udongo: mweusi wa mbugani, mwekundu wa kichuguu, mweupe wa kisimani. Mabango ya maduka ya Katoro nikayaacha yawe ya ugali tu.

Sasa unajua kazi yenyewe. Unaponda udongo, unaumwagia maji kwenye karai, unauzungusha. Mchanga unazama, na yale maji yenye vumbi laini unayamimina ndooni ili yatulie, ndiyo rangi. Hapa kwenu mtu akionekana anazungusha karai, basi anatafuta dhahabu. Majirani walisimama njiani wakinitazama, na kilichowatia wazimu zaidi ni kwamba nilikuwa namwaga kinachozama na kutunza maji, wakati kwao kinachozama ndiyo mali. Wakasema yule Mkurya anajifanya mjinga, anamwaga mchana na kuokota tukishapita. Nilicheka. Baadaye nikaanza kujiuliza nani ananitazama hata wakati sioni mtu.

Agosti nikapata udongo wa njano, njano ambayo sijawahi kuiona, kama kiini cha yai la kienyeji. Nilipoupata nitakuambia baadaye. Nilileta viroba vitano, nikasaga na kuchuja, na mchanga uliobaki nikaumwaga kwenye matuta ya bustani ili kulegeza ule udongo mzito wa mbele ya nyumba. Mvua za Novemba zilipoanza nikapanda mchicha na nyanya. Vilistawi mno. Kila Jumamosi nilikuwa namvukishia baba yako fungu la mchicha hadi kwake ng'ambo ya njia, naye alipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa Kisukuma, wabeja, mwanangu, akaniuliza habari za picha.

Desemba mambo yakabadilika. Asubuhi moja nilikuta alama za katambuga, zile ndara za matairi, katikati ya matuta, na kiroba kimoja cha njano barazani kimefunguliwa na kufungwa tena kwa fundo ambalo si langu. Nani hapa anavaa katambuga mpaka leo, kama si baba yako? Wiki hiyohiyo nikapita nyuma ya nyumba yake, nikaona mchicha wangu shimoni kwenye takataka, fungu zima, haujaguswa. Iliniuma, Eliya. Mtu anapokea kwa mikono miwili, halafu anakwenda kutupa.

Siku chache baadaye nilikuwa juu ya ngazi Katoro nikiandika jina la duka la vipuri, nikamwona anatoka upande wa karasha na kimfuko mkononi. Aliniona. Aliinamisha kichwa akapita bila salamu, yeye anayemsalimia hata mbwa wa jirani. Hapo nikajumlisha yangu: mzee anaamini njano ile ni dhahabu, anaiiba kidogokidogo, anaipeleka kupimwa. Kuanzia siku hiyo kila alichofanya kilikuwa ushahidi. Akikohoa, nilisema ananipa ishara kwamba yupo. Asipokohoa, nilisema ananyata.

Januari nikamkamata. Kulikuwa ndiyo kwanza kunapambazuka. Nilifungua dirisha nikamwona bustanini kwangu na jembe, nyanya zangu zimeng'olewa, tuta limechimbwa hadi magotini. Nilimwuliza anafanya nini. Akasema alikuwa anapita. Mtu anapita na jembe na ndoo? Mkono wake wa kushoto ulikuwa unatetemeka, nami nikasema moyoni kwamba mwizi hujitangaza mwenyewe.

Nilikwenda kwa kamanda wa sungusungu siku hiyohiyo. Mkutano ukaitishwa, kijiji kizima kikaja. Nilisimama nikasema nimemwona kwa macho yangu, nikataja katambuga, kiroba, Katoro na jembe. Kamanda akamwuliza baba yako alikuwa anatafuta nini kwenye bustani ya mgeni. Akajibu kwamba ya bustani ya mtu yeye hana la kusema. Wakamwuliza tena, kisha mara ya tatu, wakamwambia aseme tu yaishe. Akanitazama mimi, akarudia jibu lake. Basi wakamtenga. Asisalimiwe, asiuziwe chumvi, mashine isimsagie mahindi, na atakayesema naye neno alipe mbuzi. Itakuwa hivyo hadi atakaposema ukweli. Ndugu yangu, aliyemtaja baba yako ni mimi. Si mtu mwingine.

Wiki tatu zilizopita Mageni alikuja kunisalimia. Alipoona viroba barazani akashangaa, akaniuliza kwa nini nafuga marudio nyumbani. Marudio ndiyo yale mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa na kuoshwa, ambayo yamepitiwa na zebaki. Kisha akasema kumbe ndiyo haya mzee Makoye, baba yako, aliyokuja nayo karashani Desemba. Hakuuliza bei. Aliuliza kama mchanga wa namna hii ukimwagwa kwenye mboga unaweza kudhuru watu. Wakamwambia ndiyo, auondoe upesi, na mboga hizo asile mtu. Akawaomba wasimwambie yeyote, maana kijiji kikisikia mgeni wa mwanawe anapanda mboga kwenye zebaki na kuwagawia watu, watamfukuza kabla ya jua kuzama.

Mageni alipoondoka nilikwenda kuchimba tuta lile mwenyewe. Nusu ya bustani haikuwa tena na mchanga wangu. Ilikuwa na udongo mwekundu wa kichuguu kilichoko shambani kwake, umepondwa vizuri na kuchanganywa na samadi. Mzee wa miaka sabini na mbili, ndoo kwa ndoo. Na mkono ule unaotetemeka, wewe unajua ulianza lini: ujanani, alipokuwa anakamata zebaki kwa vidole kwenye machimbo. Aliwahi kunisimulia, nikamsikiliza nusunusu huku nachora.

Sasa lile nililokuwa nalikwepa tangu mstari wa kwanza. Udongo ule sikuuokota bila kujua. Niliuchota mwenyewe kwenye lundo la marudio, na mlinzi wa pale aliniambia kwamba haufai kwa shamba. Nilimwambia mimi sina shamba, mimi ni mchoraji. Niliutaka kwa ile rangi, nikaamua kutouliza zaidi. Na la pili ni baya kuliko hilo. Ukweli wa baba yako nimeujua kwa wiki tatu, na nimekaa kimya. Nilikuwa nimebakiza picha mbili za maonyesho ya Mwanza, nikajiambia nimalize kwanza. Nilichora njano huku namsikia mzee wa watu akitwanga mahindi kwenye kinu peke yake, kwa sababu mashine imemkataa. Picha zimekwisha. Ni nzuri, na siwezi kuzitazama.

Juzi nilivuka kwenda kwake, nikamwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka baba. Aliangalia njia huku na huku kama kuna mtu, akanipungia mkono niondoke, akaingia ndani na kufunga mlango. Nilisimama pale kama mjinga hadi nikaelewa kwamba alikuwa ananiokolea mbuzi.

Mkutano ni Jumapili ijayo, tarehe kumi na sita. Nitasimama palepale nilipomtajia, niseme yote, na viroba nimewaandalia wavione. Mchicha ule nilimpa pia mama mmoja wa jirani na watoto wake. Nao nitawataja, ili wapelekwe kupimwa. Aliyesingizia hukaa mahali pa aliyesingiziwa, hiyo ndiyo sheria yao, na sitaiomba ipunguzwe. Nakuomba uje, Eliya. Mwana akizungumza na babaye hatozwi kitu, na ni mwezi wa pili sasa hajazungumza na mtu.

Wasalimie wote nyumbani. Salamu za baba sina za kukuletea, utazipokea mwenyewe kinywani mwake. Ukishuka kwenye basi ukanikuta nimekaa barazani, pita uende kwake moja kwa moja. Usinisalimie, mbuzi ni ghali.

Ni mimi niliyekukosea,
Bhoke.