Mkufu wa Mama Uliokwama Ngazini

Chumbageni, Tanga
Alhamisi, 14 Agosti 2025

Mpendwa dada yangu Nida,

Shikamoo, na assalaam alaykum. Natumai barua hii itawakuta wazima huko Mwanza, wewe, shemeji Aly na bibi harusi wetu mtarajiwa. Magoti yako yanasemaje siku hizi? Sisi huku afya tunazo, mengine utayasoma. Usishangae kuona nimekuandikia barua kama enzi za Mama. Nimeshika simu mara nne tangu asubuhi nikairudisha mezani, maana najua ukishaniita mdogo wako nitatafuta pa kukwepea.

Dada, kama Aslam alivyokwambia kwa simu, Jumapili niliponea chupuchupu kufa maji. Nyumba yetu inapakwa rangi, mafundi wanaingia na kutoka, basi tukaamua kushinda pwani upande wa Raskazone, pale kwa Kristofa, mwenye bustani ile yenye ngazi ya chuma inayoshuka baharini. Wajua Mama alivyotulea: nyumba ikiingia fundi, dhahabu haibaki ndani, inatoka na mwanamke mwilini. Kwa hiyo mkufu wake, ule aliokuachia wewe na kuniwekesha mimi mpaka harusi ya mwanao, nilikuwa nao shingoni, ndani ya vazi la kuogelea la stara. Aslam aliniambia niuvue nimpe aushike. Nikamjibu kwamba mume ambaye mifuko yake naishona kila mwezi hawezi kukabidhiwa dhahabu. Tukacheka, nikaingia majini.

Binti yangu akadondosha miwani yake ya kuogelea karibu na ngazi. Nikazamia kuitafuta, na nilipoinuka kitu kikanikaba. Mkufu ulikuwa umechomoka kwenye ukosi ukajipachika kwenye bolti iliyochomoza ngazini, chini ya maji. Nikavuta kichwa, ukazidi kukaza. Unakumbuka Mama alivyoporwa hereni pale Ngamiani, akaupeleka mkufu kwa sonara auongeze unene na kukichomelea kifungo, mwizi akivuta usikatike? Tangu hapo unavaliwa kwa kupitishwa kichwani tu. Sonara yule aliifanya kazi yake sawasawa.

Na maji yalikuwa yanajaa. Wimbi likishuka pua inatoka, navuta pumzi, likirudi nafunikwa. Kila mara muda wa kupumua ulipungua, na mwanangu alikuwa pale pale ananitazama. Niliogopa, dada, sijawahi kuogopa vile. Aslam alikuwa ameenda kununua mihogo ya kukaanga. Mtoto alipopiga ukelele, aliyesikia ni Zabron, mlinzi wa pale, mtu wa Amani kule milimani, ambaye alikuwa akirekebisha waya wa uzio. Akaruka na nguo zake, plaizi mkononi. Akanishika kisogo, akaniinua uso na kuniambia, "Dada, usirushe miguu. Ukitulia nitaukata, ukihangaika nitakuumiza wewe."

Nikatulia. Likapita wimbi moja, likapita la pili, nikanywa maji ya kutosha. Kisha shingo ikaachiliwa.

Nilitolewa nimeviringishwa kanga mbili, nikapelekwa hospitali kwa gari la jirani, daktari akatazama shingo na kusikiliza kifua. Aslam alipouliza mkufu uko wapi, nikajipapasa shingoni, sikukuta kitu. Akarudi pwani mbio. Zabron akamwambia lazima umezama, naye akaingia tena majini kuutafuta mpaka jua likazama, akatoka miguu imechanwachanwa na chaza. Aslam si mtu mbaya, wamjua, lakini amekulia dukani, na kwake kitu kikipotea kuna mkono uliokichukua. Akamwambia Kristofa kwamba mkono wa mwisho kuugusa ulikuwa wa Zabron. Jumatatu Kristofa akamsimamisha kazi na kumpa muda hadi kesho baada ya sala ya Ijumaa. Asipouleta, atapelekwa polisi.

Jana mkewe, Praxeda, alikuja hapa. Nikamvutia kiti, akakaa kizingitini. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alieleza kwamba wamepekuliwa chumba chao mbele ya majirani, mpaka unga ukamwagwa, na watoto wanaulizwa shuleni kama baba yao ni mwizi. Kisha akasema, "Mume wangu alishika shingo yako, dada. Hakushika dhahabu yako." Nikamwekea chai, hakuigusa. Nikamwahidi kwamba nitazungumza na Aslam.

Sikuzungumza naye. Na sababu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mkufu haukuzama. Jumapili ile usiku, Aslam alipotoka pwani akanichukua hospitali tukarudi nyumbani, nilipovua vazi langu bafuni niliukuta umenasa ndani kwenye lastiki ya kiuno, umekatika sehemu moja tu. Uliteleza humo Zabron alipoukata. Nilitaka kuita. Wallahi nilifungua mdomo. Lakini nikasikia Aslam anakwambia kwa simu aliyoiweka spika kwamba mkufu umepotea baharini, nikasikia na wewe unajibu kwamba uhai wangu ndio muhimu, na nikafikiri: basi dada ameshausamehe. Nikauzika kwenye kopo la hina. Miaka sita, Nida, nilimwogesha Mama, nikamlisha, nikamgeuza kitandani, na siku ya kugawa akasema mkufu ni wa mkubwa. Nilinyamaza siku ile nikijiona nina subira. Kumbe nilikuwa na kijicho. Nilikuwa nauvaa kila siku tangu alipofariki. Mafundi wa rangi walinipa kisingizio tu.

Naacha kuandika hapa, nitamalizia nikirudi.

Nimerudi. Nilimwambia Aslam kwanza, dukani, mbele ya wateja, maana nyumbani ningeghairi. Akafunga duka, tukaenda kwa Kristofa, naye akatuma mtu kumwita Zabron. Nikauweka mkufu mezani, nikasema kila kitu kama nilivyokuandikia. Kristofa akamwomba Zabron radhi na kumrudishia kazi. Zabron akakataa kazi, anarudi Amani kwao na familia yake. Aslam naye alimwomba radhi. Mimi nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa, na ningeona nafuu. Zabron alinitazama shingo, pale alama ilipo, akaniuliza, "Imepona, dada?"



Mkufu unakuja pamoja na barua hii, umefungwa ndani ya leso ya Mama. Nimekataa kuupeleka kwa sonara, nikaona uupokee kama ulivyo. Nisalimie shemeji na mwanao, na kama hutataka nije harusini nitaelewa. Aslam anakusalimu, na mtoto anauliza mama mkubwa Nida atakuja lini.

Nisamehe kama utaweza.

Mdogo wako,
Mehreen