Namlilia Omer Angali Hai

Jumanne, 2 Machi 1993

Sindano ya mwisho ya shimio leo, ile dawa kali ya saratani. Nimetapika njia nzima hadi nyumbani, lakini kwa furaha. Daktari Kalala alinibonyeza titi la kushoto kwa vidole, akabonyeza tena. Uvimbe uliokuwa kama yai la kuku hausikiki. Nikamwambia basi umekufa, tunangoja nini? Akasema vidole vinadanganya. Dawa inaweza kuusinyaza uvimbe na bado ikaacha vipande hai vimetawanyika ndani. Au ikaacha kovu gumu ambalo si kitu. Picha ndiyo itakayosema. Kwa hiyo narudi Johannesburg kwenye IRM, ile mashine ya sumaku iliyonipiga picha kabla ya shimio. Wataziweka picha mbili kando kwa kando, waone kilichobaki, ndipo wakate. Na isichelewe, alisema. Kilichobaki kikiachwa kitaota upya.

Siipendi ile mashine. Unalala kifudifudi, matiti yananing'inia kwenye matundu mawili, halafu inakugongea masikioni kama mafundi wa mabati. Haidhuru. Nataka kuona kwa macho yangu huyu mdudu alivyopigwa.

Omer atasaini kesho. Natibiwa kwa kazi yake, na kampuni haimsafirishi mke bila sahihi ya mume.

Ijumaa, 5 Machi

Hajasaini. Eti ofisi imefungwa. Mbona jirani ametoka huko huko asubuhi?

Dada yake, Mignonne, amehamia kwetu na masanduku yake. Jioni wananong'ona jikoni. Nikiingia, wanaongea habari za mvua. Barabarani vijana wanaimba sisi Wakasai turudi kwetu. Kwetu wapi? Nimezaliwa Kolwezi. Baba yangu aliletwa hapa kuchimba shaba, akazikwa hapa. Kasai naijua kwenye ramani ya darasani, ninapowafundisha watoto wao hao hao.

Jumatatu, 8 Machi

Niko stesheni, chini, juu ya kitenge.

Vijana walikuja asubuhi. Mignonne ndiye aliyewafungulia geti. Omer alisimama mlangoni na kofia yake ya kazini, akaangalia viatu vyake. Akasema: "Enda kwenu, Tshibola. Banaweza kuniua juu yako."

Miaka yote ya ndoa, na hayo ndiyo aliyonayo. Sikulia. Nikamwambia: karatasi. Saini karatasi tu, halafu naenda popote unapotaka. Akafungua mdomo, Mignonne akamjibia. Mwanamke aliyerudi kwao si mke wa kampuni tena. Halafu akanivua wigi. Mbele ya vijana wale! Shimio haijaniacha na unywele hata mmoja. Walicheka. Omer hakucheka, lakini aliingia ndani akafunga mlango.

Watalipa. Sijui kwa njia gani, sijui lini. Watalipa.

Alhamisi, 11 Machi

Treni ya Kasai hakuna. Watu wamejaa mpaka kwenye reli, na mvua haina huruma. Nalala chini ya turubai moja na Mama Kanku, mjane wa fundi wa reli. Alikuwa akinitazama kichwa tu. Leo ameniletea unga kwenye sahani, akanishika mkono.

"Pole, mama. Tata alikufa siku gani?"

Tata, yaani mume wangu. Bila shaka. Kwetu mwanamke aliyenyolewa ni mwanamke aliyefiwa na mume. Nani hapa anajua shimio? Nilifungua mdomo nimweleze, nikauona ule mlango unafungwa.

Nikamjibu: "Siku ya kwanza, ile Jumatatu, mama. Alikufia mu mulango."

Mungu anisamehe. Au asinisamehe, ilikuwa tamu.

Ijumaa, 12 Machi

Kilio kamili! Mama Kanku amewaita wamama wengine, wamekaa chini na mimi, wamenifunga kitambaa cheusi. Mwenye kufiwa hutaja sifa za marehemu. Nilizitaja. Ee Omer, uliyemwogopa dada yako kuliko Mungu. Ee Omer, uliyemwaga mke nje kama maji ya kuoshea sahani. Wengine walishtuka, hayo hayasemwi msibani. Mama Kanku akasema niachwe, kila mtu na uchungu wake.

Mtu aliye hai haliliwi hivi, hata akiwa adui. Kumlilia ni kukionyesha kifo njia ya kwake. Najua vizuri. Ndiyo maana nililia mpaka sauti ikakauka, na baadaye nikalala vizuri mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Jumapili, 14 Machi

Habari zimefika mjini. Muuza mkate alisimulia mbele yangu bila kunijua. Eti wenzake Omer, wale wanaofanya naye kazi Kingamyambo, walikwenda kwake na mbao za jeneza, wakamkuta anakula bukari, ugali wetu, na samaki. Wawili walikimbia. Sasa hakuna anayetaka kufanya naye zamu. Kifo kinamtafuta, wanasema, na wao hawataki kuwa karibu kikimpata.

Nilicheka ndani ya kitambaa. Wamama walidhani nalia.

Jioni nikajibonyeza titi. Sisikii kitu. Lakini kwapani panavuta kidogo — au ni mawazo tu?

Jumatano, 17 Machi

Mama yake Omer amekuja. Alisikia huko Mutshatsha, akapanda kamyo ya makala, yaani lori la makaa, akaja moja kwa moja stesheni kwa kuwa aliambiwa kilio kiko hapa. Mama Ndaya. Hakuwahi kunitukana hata siku moja, hata nilipokosa kuzaa. Aliona kichwa changu, akaanguka mikononi mwangu, mweusi kwa vumbi la makala.

"Mutoto wangu aliuawa na nini?"

"Na boga, mama."

Boga, yaani woga wake. Niliyasema hayo. Kwa mwanamke mzee! Sikuona raha niliyoitarajia. Niliona kidogo tu.

Mchana walimpeleka kwa Omer, akamkuta mzima. Jioni amerudi stesheni! Amekaa nyuma yangu, hali, hanywi. Hanilaumu. Anasema tu kwamba aliyemlaza mwanawe kaburini ndiye amwinue kwa mdomo wake, mbele ya wale wale waliolia. Bila hivyo yeye hatashika chakula cha Omer, maana atakuwa anakula na maiti.

Daktari Kalala naye amepita. Kuna ndege Jumamosi na nafasi yangu bado ipo. Alinipima kwapani, akarudia mara tatu. Sahihi tu, Mama Tshibola, alisema.

Ijumaa, 19 Machi

Omer amekuja mwenyewe. Amekonda. Watu walimpisha njia kama mwenye ukoma.

Amesaini. Nimeiona sahihi yake, ile yenye mkia mrefu. Daktari Kalala yuko nyuma yake na picha yangu ya kwanza kwenye bahasha kubwa. Gari liko nje, nilale hospitalini leo, kesho niruke. Lakini Omer ameishika karatasi kifuani, haitoi.

"Simama, uambie bamama mi niko muzima. Useme tu. Nitakupa."

Nikamwambia nipe kwanza. Akatikisa kichwa. Ameikumbatia kwa mikono miwili, mwanaume mzima. Laiti Mignonne angeona.

Daktari aliinama sikioni mwangu. Ugonjwa haungoji hasira yako, mama. Kweli. Najua. Wamama wamenigeukia, Mama Ndaya ameinua uso. Nilisimama. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni kilio. Kikubwa kuliko vyote. Wamama wakaitikia, wangefanya nini? Omer akaziba masikio.

Wamenipa dakika chache nitulie. Nimechukua daftari, labda nikianza kwa kuandika itatoka. Mume wangu ni mzima. Maneno manne, mtoto wa darasa la kwanza angeyasoma. Kwa maneno hayo manne naenda kulala kwenye mashine, wanajua cha kukata, naishi.

Mume wangu ni mzima.

Dereva anapiga honi. Omer anapiga magoti kwenye matope, anasema jina langu. Mkono unaandika vizuri kabisa. Mdomo hautaki.