Kifo cha Kutunga

Mama Sifa,

Nimeshindwa kukuita marehemu. Tulikuzika wiki tano zilizopita, na bado nikifika kazini natafuta viatu vyako mlangoni pa chumba cha pasi. Najua ungeniuliza kwanza kama nimekula. Sijala. Chakula hakipiti.

Patron, bosi wetu, alifunga dobi ya hoteli siku tatu kwa ajili yako. Siku tatu. Alinunua jeneza zuri, akatushonea wote kitenge cha aina moja, akasimama mbele ya watu wa mtaa wenu wa Cimpunda kukusifu. Wewe uliyemwomba siku mbili tu uende hospitali ya Katana wakakupime tumbo, akakunyima! Nilitaka kumrukia. Lakini kosa si lake peke yake.

Desturi yetu unaijua. Ukisema umechoka, au mtoto anaumwa, ruhusa hupati. Ukisema umefiwa, unaondoka saa ile ile, kwa sababu hakuna anayethubutu kumzuia mtu kwenda kwenye kilio. Basi wote tumeua mashangazi na wajomba wasio na hatia. Wewe tu ulikataa. Ulisema, "Mimi siwezi zika mutu mwenye angali anakula bugali." Tulicheka mpaka nikaunguza shuka.

Wiki ile ulipoomba, mimi nilikuwa nyumbani. Nilisema koko wangu, mama yake baba, amefariki. Hajafariki. Nilitaka kulala tu, na kumwogesha mwanangu mchana kama mama wengine. Patron akakujibu, "Mutu moja tayari iko kwa kilio. Ngoja arudi kwanza."

Ukangoja. Niliporudi Alhamisi ulinishika mikono miwili, ukanipa pole, ukaniletea na maharage ya moto. Ijumaa ukaanguka kando ya mabeseni. Mama Sifa, wewe ulinipa pole mimi. Pole ile hainitoki kichwani.

Sasa wameniweka kwenye nafasi yako, na maombi ya ruhusa yanapita kwangu. Leo Riziki, yule anayenyonyesha, amekuja kuniambia mjomba wake amekufa. Macho makavu, blauzi imelowa maziwa. Nilimwambia asimuue mtu. Nikaandika ukweli: anaomba siku mbili akae na mtoto wake. Patron ameirudisha karatasi bila saini. "Kama hakuna mutu alikufa, hakuna ruhusa."

Nimechoka kuishi hivi, mtu asipumzike mpaka pawe na maiti. Kesho asubuhi narudi kwake na karatasi ile ile. Nitamwambia koko yuko hai, na nani alingoja kwa sababu yangu. Akinifukuza, anifukuze. Kisha nitapanda kwenu nimwambie mwanao Sifa, hata kama hatanifungulia mlango tena. Naogopa.

Lala salama, mama. Msamaha siuombi leo, sijaustahili. Ila Riziki nimeshamwambia asije kesho. Mashuka yake nitapiga pasi mimi.

Wako,
Furaha