Ukuta wa Mama Norine

Cassis, Julai 1907

Mdogo wangu Clotilde,

Nisamehe madoa ya rangi, nimeshindwa kungoja hadi ninawe mikono! Matikiti yameiva na nyenje wanapiga kelele kwenye misonobari.

Uliniandikia nirudi kwako Arras, kwamba ninachora rangi za ajabu kwa sababu macho yananiharibikia. Daktari amesema kweli jicho la kushoto linafifia. Tangu hapo nimekuwa na hofu kwamba huenda umesema kweli.

Leo jirani yangu, Mama Norine, ameona ukuta wake mweupe kwenye picha yangu.

"Kivuli cha zambarau, Mwalimu? Umelewa asubuhi yote hii?"

"Toka nje saa sita mchana ujionee."

"Saa sita? Hata paka hatoki!"

Ndivyo ilivyo hapa: jua likiwa kali, watu hufunga madirisha wakalala. Mama Norine ameishi nyumba hiyo tangu aolewe, lakini saa hiyo alikuwa hajawahi kuutazama ukuta wake. Nilimng'ang'ania mpaka akatoka, akinuna.

Unajua, kivuli si giza tupu. Hupokea buluu ya anga iliyo juu yake, nayo kando ya mwanga wa manjano wa jua huonekana zambarau.

"Mama weee! Zambarau kabisa!" Akagonga madirisha ya mtaa mzima. "Amkeni, wavivu! Njooni mwone ukuta wangu!"

Clotilde, mama huyu hutunga uzi kwenye sindano bila miwani. Jicho langu linafifia, ila halijanidanganya. Kile chumba ulichoniandalia, mpe mpangaji.

Kaka yako akupendaye,
Honoré