Kumbukumbu ya Ngendo: Sisimizi Walikuwepo Kweli

Mwaka umetimia, Ngendo wetu, tangu tukuzike Kalimoni ile Agosti ya 1996. Tulitaka kukuandikia maneno matamu matupu. Tunayo, lakini tumejaa kinyaa na hatuwezi kujifanya.

Ulikuwa fundi wa masweta, na watoto wengi wa shule hapa Ruiru bado wanavaa kazi ya mikono yako. Ukikutana na mtoto kiwiko kiko nje, ulimvua sweta palepale njiani, ukalirudisha jioni likiwa zima. Mamake akija kushukuru, unajifanya hujui anazungumzia nini. Na mpira ukitangazwa redioni, ulimgombeza mtangazaji utadhani ndiye aliyekosa bao.

Ulikuwa pia na ugonjwa wa akili. Hatuoni haya kuusema. Sindano ya kila mwezi ilizituliza zile sauti, ukarudi kwenye mashine yako, na kwa hilo tunashukuru.

Lakini kliniki ile ya Thika! Wagonjwa wa akili walikuwa na benchi lao, kule ukutani. Wengine wakiingia walipimwa presha, wakaulizwa wanaumwa wapi. Nyinyi mliguswa kwa sindano tu, basi, nendeni. Hata swali lako aliulizwa Mama: "Huyu anasemaje leo?"

Ulipoanza kukonda na kumaliza mtungi wa maji peke yako, ulimwambia daktari mwenyewe: "Daktari, hii kiu hainiachi. Na nikienda choo, sisimizi wanajaa pale nimekojoa."

"Leo ni sisimizi?" akacheka. "Juzi si ilikuwa ni sauti? Sista, muongezee dawa."

Mama akasema, "Hata mimi nimewaona."

"Ngai! Kumbe ni ya familia."

Chumba kizima kikacheka. Kicheko hicho kinatutia kichefuchefu mpaka leo. Mkojo unaofuatwa na sisimizi una sukari, na kuupima si kazi kubwa. Ila hakuna aliyetaka kushika mkojo wa mtu wanayemwita kichaa. Wakakudunga, ukarudi nyumbani na kiu yako.

Siku ulipoanguka kibandani mwako mwa kufumia, majirani walikukimbiza hospitali nyingine. Kadi ya kliniki ilibaki nyumbani, na wewe hukuweza kutamka neno. Hawakujua kwamba wewe ni wa benchi lile. Basi wakakupima kila kitu, na sukari ikaonekana mara moja. Daktari akamkaripia kaka yako Kagwe: "Mlikuwa mnangoja nini? Kwani huyu hakuwahi kulalamika?"

Ulilalamika, Ngendo. Ulilalamika vizuri sana. Siku uliyonyamaza ndiyo siku waliyokupima, na walikuwa wamechelewa.

Kliniki ilituma mtu mazishini kutuambia eti sasa umepumzika kutokana na ugonjwa wa akili. Pole hiyo tuliikataa mbele ya kaburi lako, na tunaikataa tena leo. Akili haikukuua.

Nanyi mnaosoma haya, mkiwa na mtu wenu kwenye benchi lile, msibanduke hapo mpaka apimwe mwili mzima. Wakicheka, waacheni wacheke, lakini msitoke.

Wanaokukumbuka: mama yako Rachael, kaka yako Kagwe, wifi yako Nakhumicha, na mwanao Ngigi.

Hutatutoka moyoni, Ngendo. Kila ulilosema, tunaliamini.