Goti langu na mgongo wa mama mkwe

Gyeong-ran, uko wapi? Shika simu! Nimekufa kwa aibu na bado nacheka.

Unakumbuka nilimwambia mama mkwe goti limevimba, siendi kuchachusha kabichi za kimchi ya mwaka? Basi goti lenyewe leo lilikuwa juu ya mlima Taebaek, kwenye theluji, pamoja na kina Mi-ran.

Tulipoanza kushuka kutoka kileleni, Mi-ran akatoa mifuko mitupu ya mbolea ya kukalia na kuteleza nayo. "Mama Da-on, kaa! Au umezeeka?" Nizeeke mimi? Nikakaa.

Nikaporomoka kama gunia la viazi, nikamzoa bibi mmoja aliyekuwa akinywa supu yake kando ya njia. Tukabiringika wote wawili.

Akainua kofia iliyokuwa imemfunika uso. MAMA MKWE! Yuleyule aliyetutangazia juzi kwamba mgongo umekatika, kimchi tutengeneze sisi!

"Goti linaendeleaje?" akaniuliza.

"Na mgongo je, Mama?"

Simu yake ikalia papo hapo. Wifi Bok-hee, yuko peke yake na mlima wa kabichi. Mama akaguna kama mtu anayekata roho: "Aa, mwanangu, hata kugeuka siwezi."

Na hakudanganya! Nilikuwa bado nimemkalia miguu.

Akakata simu, akajikung'uta theluji. "Hukuniona, sikukuona. Lete huo mfuko."

Akateleza huyooo, anapiga mayowe kunishinda!

Bok-hee akikuuliza, mwambie mimi niko kitandani. Na si uongo tena. Goti sasa limevimba kweli.