Kupima Meli kwa Jicho Moja

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, 15 Juni
Mvua ya alfajiri imekatika. Jua limetoka, ila ukuta wa nje bado umelowa.

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Wifi hajambo? Na wale mapacha, meno yameshatoka yote au bado wanatafuna kila wanachokikuta, pamoja na waya za simu? Sisi huku hatujambo kwa jumla. Mgongo wa Mama umetulia tangu akubali kusaidiwa ndoo. Mimi ni mzima, kazi ya fremu za picha inaendelea, na vidole vyangu kumi bado ninavyo vyote. Habari za Baba ndizo zilizonikalisha kitako niandike, kwa hiyo nawe tafuta kiti. Usishtuke. Si mbaya kama unavyoanza kuwaza.

Kwanza, skrini uliyotutumia ilifika salama. Ni pana mno, ilibidi tuihamishe redio. Baba aliifunga mwenyewe, akarudi nyuma, akaitazama kama mtu anayekagua ukuta aliousimamisha kwa mikono yake. Kisha akafungua mchezo wake wa nyambizi, na hapo ndipo mambo yalipoanza.

Mchezo huu aliuzoea baada ya wewe kuondoka, kwa hiyo nikueleze. Unakuwa nahodha wa nyambizi ya zamani. Unachungulia kwa darubini ndefu inayochomoza juu ya maji, unaiona meli ya adui, na kabla hujarusha torpedo, yaani kombora la chini ya maji, lazima ujue iko umbali gani. Mchezo unaweza kukufanyia hesabu hiyo, lakini Baba ameizima sehemu hiyo. Anasema mtu aliyepima barabara maisha yake yote hawezi kuambiwa umbali na kompyuta. Basi anapima kwa mkono. Kwenye kioo cha darubini kuna alama kama za rula. Unahesabu mlingoti wa meli umechukua alama ngapi, unatafuta urefu wa mlingoti huo katika kitabu cha meli kilichomo ndani ya mchezo, unapiga hesabu fupi. Mlingoti ukionekana mfupi, meli iko mbali. Ukionekana mrefu, iko karibu.

Tangu siku skrini ilipofungwa, Baba akawa hapati kitu. Torpedo zake zote zilipita nyuma ya meli. Akailaumu skrini. Mama akamwambia tatizo si skrini, ni macho.

"Juzi umeuamkia mtungi wa gesi wa jirani," Mama akasema.

"Ulikuwa umefunikwa kitambaa."

"Hata kama ulikuwa umefunikwa! Mbona hukushangaa haukuitikia?"

Tulicheka, lakini Mama hakuwa anatania. Kwa miezi mingi amekuwa akimwomba aende hospitali ya macho, naye akikataa katakata. Na bado alikuwa anaendesha gari. Mwezi uliopita alilikwaruza kwenye nguzo ya geti ambayo aliijenga mwenyewe. Unajua macho ni nini kwa Baba. Ndiyo yaliyotulisha na kutusomesha. Siku hiyo akasema hivi: tukimthibitishia kwamba mchezo unapima sawasawa, ataenda hospitali bila kusukumwa. Mama akanigeukia. "Haya, mwenye rula. Kazi kwako."

Nilianza nikiwa upande wa Mama moja kwa moja. Nilitaka nimalize kwa jioni moja, nimwonyeshe Baba kwamba mchezo hauna kosa, tumpakie garini. Nikajiuliza swali dogo tu: mchezo wenyewe si unajua meli iko wapi? Kuna sehemu ambamo mchezaji anaweza kujipangia vita vyake. Nikaweka bahari tulivu, nikaweka mashua ndogo ya doria imesimama mita elfu moja kamili kutoka kwenye darubini, nikaipima kama Baba anavyopima. Nikapata mia saba na hamsini.

Nikarudia, nikapata ileile. Kaka, Baba alikuwa sahihi! Tukidhani meli iko karibu kuliko ilivyo, tunadhani pia inakwenda polepole kuliko inavyokwenda, na torpedo inafika mahali ambapo meli imeshapaacha.

Sasa nikataka kujua kwa nini, na kwa siku kadhaa sikuwa na wazo jingine. Jibu lilinijia kazini. Mteja alileta picha ya harusi, akataka ijaze fremu pana ya sebuleni. Nikamweleza kwamba nikiikuza ijae upande hadi upande, juu na chini itakatika, na bwana harusi atabaki bila kofia. Nikaishia hapohapo, mteja akinitazama. Jioni nikafungua mchezo, nikaangalia anga. Kweli, ilikuwa imepungua. Ili kujaza skrini yako, mchezo ulikuwa umeikuza bahari na kukata juu na chini, lakini alama za kwenye kioo ulikuwa umeziacha kama zamani. Meli imekua, rula haikukua.

Kuna jukwaa la mtandaoni ambako wachezaji hubadilishana modi, yaani marekebisho wanayoyatengeneza wenyewe na kuyaingiza kwenye mchezo. Nilikuta modi za skrini za kila namna, isipokuwa ya upana wetu. Nikaona nitengeneze yangu. Kumbe alama zile ni picha tu ndani ya faili. Niliichora upya, nikaihifadhi vibaya, na mchezo ukakataa kabisa kufunguka.

"Umeizamisha bandarini," Baba akasema kutoka mlangoni, akaenda zake.

Mara ya pili ilikubali. Ile mashua ya mita elfu nikaipima, nikapata mia tisa na tisini. Nilipiga kelele mpaka Mama akaacha alichokuwa akikifanya. Kisha, kwa kiburi, nikaiweka meli kubwa ya mizigo mahali palepale. Elfu moja mia mbili na zaidi. Na kabla sijarekebisha chochote, meli hiyohiyo ilikuwa inakaribia kupimika sawa! Hebu fikiria, nimetengeneza, na mambo yameharibika.

Hili lilinisumbua kuliko lile la kwanza. Nilizizungukia meli zile moja moja, nikizitazama kwa juu na kwa chini ya maji, mpaka nikaelewa. Kile kitabu cha meli kinaandika urefu wa mlingoti kuanzia chini kabisa ya meli, pamoja na sehemu iliyozama. Ni kama kumpima mtu urefu pamoja na shimo alilosimama ndani yake. Mashua ndogo haizami sana, ndiyo maana haikunionyesha kitu. Meli ya mizigo imezama sana, na kosa lake lilikuwa likivutana na kosa la skrini, yakafichana. Nilipomweleza Baba, akasema kwamba kwenye skrini ya zamani alikuwa akipunguza kidogo kwa meli kubwa. Kwa nini? Hajui. Mkono ulijua.

Basi nikaziweka meli zote kwenye mita elfu kwa zamu, nikapata urefu wa kweli wa kila mlingoti kuanzia usawa wa maji, nikauandika upya kwenye faili. Nikaipeleka modi jukwaani pia. Mtu mmoja akajibu kwamba alikuwa tayari ameagiza miwani.

Jumamosi iliyopita nikamkalisha Baba. Mimi nilikuwa nimepima kila meli na kukosea kidogo sana, kwa hiyo nilikaa nyuma yake nikisubiri kupongezwa. Akapima: elfu moja mia moja na hamsini. Akapima nyingine: karibu elfu moja mia mbili. Torpedo sasa zikawa zinapita mbele ya meli. Hakulaumu skrini wala mchezo. Aliendelea kupima tu, na mimi nikaanza kumtazama yeye badala ya bahari.

Alikuwa amefumba jicho la kushoto.

"Baba, tangu lini unatazama skrini kwa jicho moja?"

"Tangu kazini. Chombo cha kupimia kina tundu moja."

"Lakini hii ni skrini."

"Kwani nisipofumba nitapimaje?"

Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi pia. Kisha nikamwomba abadilishe, afumbe la kulia. Akapima: elfu moja na kumi. Akarudi kwenye lile la kulia: mia moja na hamsini juu ya elfu, kama mwanzo. Akasogea karibu na skrini.

"Mlingoti unaishia hapa," akasema, akaweka kidole.

Mama akaacha kucheka. Kidole kilikuwa chini sana ya ncha.

"Na hapo juu ya kidole changu kuna nini?"

"Mlingoti, Baba," nikamwambia. "Bado unaendelea."

Akafumba hili, akafumbua lile, akarudia mara nyingi, kama alivyokuwa akihakikisha kazi ya vijana wake wa barabarani. Sikumharakisha. Mwishowe akatoa ufunguo wa gari mfukoni, akamwekea Mama mezani, akauliza hospitali inafunguliwa saa ngapi.

Ni mtoto wa jicho, Kaka, la kulia. La kushoto ni zima, ndilo lililokuwa likibeba kazi ya yote mawili. Daktari ni mama mmoja mpole. Amesema lenzi iliyoingia ukungu itatolewa na kuwekwa mpya. Baba akamwuliza nani aliyeipima hiyo lenzi mpya. Mashine, akajibu. Na mashine, nani aliipima? Daktari akamtazama, akaniuliza mimi kama yuko hivi kila siku.

Upasuaji ni kesho asubuhi. Wanasema ni jambo la muda mfupi na wengi hupona vizuri. Lakini hajawahi kupasuliwa maishani mwake, na nimemsikia akimwambia Mama kwamba likiharibika, moja linamtosha. Kwa hiyo nakuomba umpigie kesho mchana. Usimwulize habari za jicho, atakukatia simu. Mwulize habari za meli, atafika mwenyewe.

Nisalimie Wifi sana, na umwambie kitambaa alichonichagulia kimenikaa vizuri. Wabusu mapacha, yule mkorofi mara mbili. Mama anawaombea kila siku kwa majina yenu. Mungu awatunze ugenini, awape afya na kazi isiyowachosha, na atujalie tuonane sote tukiwa wazima.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye daima,
Mwenye rula

Jumatatu, asubuhi. Wingu jepesi, hakuna mvua. Sikuituma barua jana, kwa hiyo ile "kesho" niliyoandika ni leo; nimeona niongeze hili kabla hatujatoka. Usiku nilikaa macho nikisikiliza kama Baba anahangaika kitandani. Nililala saa saba na nusu. Yeye alikuwa anakoroma tangu saa tatu.